Mguu wa Kuku Mwezi wa Ramadhani

Mkono wangu ni mdogo. Glovu za kuoshea vyombo hunipwaya, na pete ya harusi ya mama hunivuka hata nikiivaa kwenye kidole gumba. Kwa miaka miwili niliyolinda mlango wa hoteli pale Al Garhoud, Dubai, hakuna aliyejali jambo hilo, kwa sababu mlinzi wa mlango huhitaji miguu ya kusimama na uso wa kutabasamu, basi. Mkono wangu uligeuka kesi siku kampuni yetu ya ulinzi ilipopata kibali cha kuweka wanawake wenye silaha, watakaoandamana na madam wa familia kubwa wakienda madukani na kwenye sherehe.

Niliomba nafasi hiyo kabla tangazo halijakauka gundi ukutani. Tulichaguliwa sita, Wakenya wanne na Waganda wawili, tukapelekwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Nilipiga simu nyumbani Kitale kuwaambia kwamba sasa mimi ni bodigadi. Nilijisifu mapema, najua. Mama alitangaza kanisani.

Aliyetufunza tulimwita sir. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Ulaya, mrefu, mwenye viganja kama sinia, na ndiye aliyeichagua bastola yetu. Kampuni ilimwambia atafute kitu cha bei nafuu, naye akapata bastola sita zilizotumika, zote za aina moja. Zilikuwa nzuri kwa mtu kama yeye. Mpini wake ulikuwa mnene kwa sababu risasi zilipangwa humo safu mbili, na nilipoushika, kidole changu cha shahada kiliufikia mtambo wa kufyatulia kwa ncha ya ukucha. Nikifyatua, nilikuwa naisukuma bastola yote, na risasi zilikwenda kushoto. Tena ilikuwa na nyundo iliyochomoza nyuma, nayo ilipenda abaya, buibui la huku Ghuba, kuliko ilivyonipenda mimi. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe: kuvaa abaya kama madam, bastola ikae kiunoni isionekane, na ikihitajika itoke haraka.

Mtihani ulikuwa hivi. Unatembea umebeba mifuko ya dukani mikono miwili. Filimbi inalia. Unaachia mifuko, unapandisha kitambaa, unatoa bastola, unapiga tatu kwenye ubao ulio hatua saba mbele yako. Mara ya kwanza nyundo ilinasa kwenye abaya nikaipasua hadi kwenye kwapa. Mara ya pili niliitoa vizuri, nikapiga ubao wa jirani.

"Mara ya tatu ni ya mwisho," sir aliniambia. "Ukishindwa, viza yako inakanselwa. Khalas."

Hotelini nisingeweza kurudi. Mlango wangu ulikuwa umeshapewa Mnepali mmoja mpole. Na huko Kitale nilikuwa nimeshakuwa habari ya mjini. Nililia kwenye basi la kampuni njia nzima hadi bwenini Al Quoz, nikilia kwa hasira, si kwa huzuni.

Mganda mmoja kati ya wale wawili alikuwa Mwislamu aliyewahi kuwa mwanajeshi kwao, mwanamke wa kifua kipana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alikaa karibu nami, akauchukua mkono wangu akaulinganisha na wake kiganja kwa kiganja.

"Sista, wewe unapiga muzuri," akasema. "Ile bunduki ndiyo hapana yako. Tafuta ingine."

Kesho yake nikamwendea sir kumwomba bastola nyingine. Alicheka. Akasema kampuni haiwezi kumnunulia kila mtu bastola ya saizi yake kama viatu. "Nitafutie ndogo zaidi ya hii, inayofichika vizuri zaidi, na bei iwe chini ya hii. Ukiipata, utafanyia mtihani hiyo." Alisema kwa dhihaka, nikaona hivyo. Mimi niliipokea kama ahadi.

Mtu pekee aliyejua silaha zote zilizokuwapo pale uwanjani alikuwa mzee wa ghala. Ukoo wake ulitoka Unguja miaka mingi iliyopita, yeye akiletwa Ghuba bado mtoto, na Kiswahili chake kilibaki kile cha bibi yake, safi kana kwamba kimetoka kufuliwa. Alikuwa mzee mwenye chuki na vumbi na mapenzi na daftari. Hata kitambaa cha kufutia ulikitia saini. Nilikuwa na namba yake ya simu. Jioni ile nikampigia nikiwa kwenye foleni ya chakula bwenini.

Bwenini ilikuwa marufuku kutaja silaha. Kwa hiyo sisi Wakenya tulitumia jina la mitaani kwetu, jina ambalo kila mtoto wa Nairobi analijua: bastola ni mguu wa kuku. Ukiishika kwa mpini utaona kwa nini. Tulikuwa tumelizoea hata tukasahau kwamba ni fumbo.

"Mzee shikamoo," nikasema kwa sauti ya chini. "Kesho naomba unitafutie mguu wa kuku. Mdogo, wa bei ya chini."

"Marahaba. Mguu wa kuku?"

"Ndiyo mzee. Uwe unaweza kufichika chini ya abaya, mtu asijue."

"Chini ya buibui? Kwani wataka kuutoa wapi?"

"Popote nitakapobanwa, mzee. Lakini sir asiuone kabla sijaujaribu."

Akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu, umeshikwa kiasi hicho?"

Nikadhani amelielewa fumbo, na kwamba mzee wa watu anajua matatizo yangu. "Sana, mzee," nikamwambia, na machozi yakanilengalenga. "Huu tuliopewa ni mkubwa, unanishinda. Naomba tu mdogo."

"Haya, n'takuletea. Ila usimwambie mtu."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Hilo sikulikumbuka.

Asubuhi nilifika ghalani kabla ya wenzangu. Mzee alikuwa ananingoja mlangoni. Akanivuta ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akachungulia dirishani, kisha akafungua droo ya meza yake akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha. Nikakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto.

Nikafungua. Ulikuwa mguu wa kuku. Wa kuku hasa, aliyekaangwa kwa tangawizi na ndimu, mwekundu, na kipande cha mkate pembeni.

"Kula upesi," mzee akaninong'oneza, amenipa mgongo ili asione. "Mke wangu kaupika alfajiri baada ya daku. Najua nyie Wakristo hamfungi, na njaa haina haya. Lakini kuficha chakula ndani ya buibui mwezi mtukufu, mwanangu, si adabu. Ukishikwa njaa njoo huku, n'tafunga mlango."

Niliketi chini. Nilicheka hadi nikashika mbavu, nikajaribu kumweleza huku nacheka, nikashindwa, nikaanza upya. Kwanza alikasirika. Akasema mkewe kaacha kulala baada ya daku, huko mtaani kwao Al Baraha, kwa ajili ya upuuzi wangu. Kisha likamwingia. Akarudia taratibu, "Bastola... mguu wa kuku... unanishinda, ni mkubwa," halafu akaweka kichwa juu ya daftari lake akacheka mabega yakitikisika, machozi yakadondokea kwenye wino.

"Sasa kula kwanza," akasema alipopata sauti. "Haitupwi neema ya Mungu. Kisha tukutafutie huo wenu wa Nairobi."

Nilikula. Sijawahi kula kuku mtamu namna ile, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa na mpishi.

Kisha mzee akafungua kabati la nyuma, akatandaza kitambaa cheupe mezani, akaweka juu yake bastola tatu zisizo na risasi, akanionyesha kila moja kwamba ni tupu, nami nikakagua tena mwenyewe. Ndivyo alivyotaka.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi cha kukaa ndani ya pakiti ya sigara. Niliipenda kwa macho, nikadhani nimepona. Tulipotoka kuijaribu kwa risasi iliruka mkononi kama inayotoroka, na sehemu ya juu ilipojirudisha nyuma ilinichuna ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Risasi tano tu na damu ilishaanza kutoka. Mzee akatikisa kichwa. Wepesi wake ndio uliokuwa ubaya wake.

Ya pili ilikuwa ya aina ile ambayo risasi hukaa kwenye duara linalozunguka, ya risasi tano, rahisi kuielewa kuliko zote. Lakini lile duara la risasi lilijaa ubavuni, nikivaa abaya naonekana nimeota uvimbe, na mtambo wake ulikuwa mgumu hivi kwamba nililazimika kuuvuta kwa vidole viwili. Nikairudisha.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura. Rangi ilikuwa imetoka kwenye kingo, na ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mrefu. Mzee aliiweka mwisho, akisema ilikuwa ya mteja aliyehama nchi, imekaa miaka haina mwenyewe, na uwanja ungeiachia kwa bei ya nusu ya zile za sir. Ilikuwa bapa. Risasi nane za milimita tisa zilipangwa safu moja, kwa hiyo mpini ulikuwa mwembamba, na haikuwa na nyundo ya kunasa nguo. Niliishika. Kidole changu kilifika kwenye mtambo na kikakunjika vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nianze mafunzo. Nikakikunja tena, na tena. Mzee alinitazama usoni, akachukua kalamu akaanza kuandika daftarini.

Sikuharakisha, na hilo najisifia hadi leo. Siku mbili zilizobaki kabla ya mtihani mzee aliniacha niivae ikiwa tupu mle ghalani, chini ya abaya, nikiinama, nikiketi kama ndani ya gari, nikinyanyua maboksi. Nilijua sasa mahali pa kuikalisha, mbele kidogo ya nyonga ya kulia, isiponichoma nikikaa. Tuliipiga risasi hamsini haikukwama hata mara moja. Mganda wangu alikuja kunipigia filimbi bila mimi kutazamia, nikiwa nakunywa maji, nikiwa naongea, hata nikiwa nafunga kamba ya kiatu.

Siku ya mtihani alikuja madam mmoja aliyehitaji mlinzi kabla ya Idi. Alikaa kivulini, amevaa miwani nyeusi, pamoja na arbab wetu, mwenye kampuni. Nilipoitoa bastola yangu ikaguliwe, sir aliigeuza mara mbili kuutazama ule mkwaruzo.

"Hii ndiyo uliyochagua?"

"Ndiyo, sir. Ndogo zaidi, inafichika zaidi, bei chini. Ulisema."

Arbab akauliza bei. Mzee wa ghala akamjibu kwa Kiarabu. Arbab akarudia, "Nusu?" akamtazama sir kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

Nikavaa, nikabeba mifuko, nikatembea. Filimbi ikalia na sikumbuki kuwaza. Nakumbuka mifuko ikianguka, kitambaa kikipanda bila kunasa, na mkono wangu ukiwa umejaa kitu kinachoukubali. Tatu. Matundu matatu yalikaa katikati ya ubao, ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda.

"Bahati," sir akasema. "Rudia."

Hasira zangu zikapanda, na safari hii zilinisaidia. Nikarudia. Tatu tena, palepale. Mganda wangu akapiga kigelegele cha kwao, sir akamnyamazisha, akapiga kingine.

Madam akasimama. Akanizunguka polepole nikiwa nimesimama na mifuko yangu, bastola ikiwa imerudi mahali pake. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ningekasirika akikisia ilipo. Nikasema hapana, madam. Akanyoosha kidole kushoto kwangu. Nikatikisa kichwa. Akanyoosha mgongoni. Nikatikisa tena. Akavua miwani, akatazama mbele na nyuma, kisha akacheka kwa sauti, akamwambia arbab, "Huyu. Namtaka huyu, leo."

Nilitaka kuruka. Nilitaka kumkumbatia mzee wa ghala, jambo ambalo lisingewezekana mwezi ule wala mwezi mwingine. Nilibaki nimesimama wima kama nilivyofunzwa, jasho likinitiririka, nikijua sasa hivi nimeshinda.

Sir alinifuata nikielekea kwenye gari. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati akaninyooshea.

"Nilikuwa nimeshakukatia," akasema.

Nikaifungua. Ilikuwa tiketi ya ndege, Dubai hadi Nairobi, Alhamisi ya wiki ileile, majina yangu yote matatu yamechapwa bila kosa. Aliikata tangu nilipoanguka mara ya pili. Siku zote zile nilizokuwa nikiinama na kuketi mle ghalani, kiti changu kilikuwa kinaningoja uwanja wa ndege.

"Nipe niipeleke ofisini waifute," akasema.

"Hapana, sir," nikamwambia. "Hii naichana mwenyewe."

Alisema watampigia kelele. Nikasema pole sana, sir. Nikaichana mbele yake mara mbili, mara nne, mara nane, hadi ikawa haichaniki tena, nikampa vipande vyote kiganjani mwake. Madam akaita kutoka garini, "Yalla!" Nikafungua mlango wa mbele, nikaketi karibu na dereva, na bastola haikunichoma popote.