Nilimwambia Muganga Nimekunywa Maziwa

Kabla mikono yangu haijaharibika, sikuwahi kukaa mahali pamoja miezi mitatu. Shule niliiacha mapema, nikitaka kuona barabara inaishia wapi. Nikawa tanboi, nikipakia magunia ya kahawa kwenye lori hili na lile. Tajiri alitugawia unga wa mahindi. Nilisonga bukari, nikala na chumvi, basi. Mboga zinamtaka mtu wa kukaa na kuchambua.

Ulianza ulimi. Ulikuwa mwekundu, ukawaka kila ulipoguswa na chumvi. Likafuata tumbo la kuhara, mara sita hata nane kwa siku, dereva akisimamisha lori na kunitukana. Kisha mikono ikawa myeusi mpaka kwenye kifundo, kama nimevaa glavu, ngozi ikapasuka. Shingoni pakatokea mkanda wa vidonda, na jua liliuzidisha. Usingizi ulinikimbia, miguu haikutulia. Hilo la miguu sikulitilia shaka. Nilidhani ni tabia yangu ya siku zote ya kutaka kuondoka.

"Hii ni ukoma," dereva aliniambia. "Usishike tena kikombe yangu."

Nilikwenda Nyamyumba, nikaoga siku nne kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, juani. Nilirudi Gisenyi shingo ikitoa maji. Huko nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Zaituni, mjane Mwislamu anayeshona nguo. Yeye ndiye aliyenituma dispensari.

Muganga aligeuza mikono yangu huku na huku. "Jana ulikula nini?"

Benchi zima la wagonjwa lilikuwa likisikiliza. Kwetu mwanamume hatangazi chakula chake mbele ya watu. Akiulizwa, ameshiba.

"Nyama," nikasema. "Maharage. Na maziwa."

"Na juzi?"

"Hivyo hivyo."

Aliandika, kisha akatikisa kichwa. "Bon. Kama unakula vile, mi sioni sababu. Kesho kutwa daktari mukubwa anakuja. Ataangalia kama ni ukoma."

Nilirudi nikafunga nguo zangu ndani ya shuka. Goma iko ng'ambo ya mpaka tu, na kule hakuna aliyenijua. Mama Zaituni alinikuta mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Mbele."

Alinishika mkono mpaka nikamweleza yote. Nilipofika kwenye maziwa akanikatiza.

"Maziwa ya ng'ombe gani, mwanangu? Iko ng'ombe ndani ya chumba yangu na mi sijui?"

Nikakaza fundo la shuka.

"Sufuria yako mi ndiyo naosha. Bukari na chumvi, tangu mvua ya kwanza. Twende."

Alinivuta kwa shati hadi mbele ya benchi lile lile, akasema yote kwa sauti. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma. "Hata mbuzi yangu inamushinda kwa kula." Watu wakacheka. Muganga hakucheka. Alifuta alichokuwa ameandika.

"Donc, si ukoma. Iko vitu vidogo ndani ya chakula, inaitwa vitamini. Iko moja, mahindi peke yake haikupi ya kutosha. Karanga iko nayo, uyoga iko nayo, maharage, nyama, samaki. Nitakupa vidonge, lakini vidonge itaisha. Chakula ndiyo ya kila siku. Na usitoke hapa mpaka ngozi ipone."

"Vitamini ina rangi gani?" nikamuuliza.

"Haionekani na macho."

Nadhani jibu hilo ndilo lililonizuia Gisenyi. Mama Zaituni alinunua uyoga kwa wanawake wa Bugeshi, umefungwa kwenye majani ya mgomba, nami nilipasua kila mmoja nikiitafuta hiyo vitamini. Aliupika kwa karanga za kutwanga, mboga za lengalenga na maharage pembeni. "Kula," alisema. "Usikague."

Kumeza vidonge kulikuwa rahisi; kubaki ndiko kulikokuwa kazi. Kila honi ya lori iliniinua kwenye mkeka. Siku ya nne ulimi ukapoa. Wiki ya pili tumbo likatulia. Ngozi ilichukua zaidi ya mwezi, ikabanduka vipande vipande, na chini yake kulikuwa na ngozi changa. Asubuhi moja lori likapiga honi, nami nikaendelea kuchambua lengalenga. Ndipo nilipojua kwamba sehemu ya kuhangaika kwangu ilikuwa ugonjwa. Sehemu tu, maana baadaye niliondoka.

Namshukuru Mungu, namshukuru muganga, na zaidi Mama Zaituni aliyeniaibisha. Wewe unayesoma, usile unga peke yake. Uyoga nunua kwa anayeujua, usiokote ovyo, maana upo unaoua. Na muganga akikuuliza umekula nini, mpe habari ya sufuria yako ilivyo.

Mwezi uliopita, juu ya magunia, niliketi na tanboi mwenye mkanda mweusi shingoni. Nikamuuliza jana alikula nini.

"Nyama," akasema, macho yakiwa barabarani. "Na maziwa."

Nikafungua karanga zangu, nikaziweka katikati yetu.

"Mi pia," nikamwambia, "nilikuwa nakunywa ile maziwa."