Beseni la Udongo wa Kibanja

Siku yangu ya kwanza kazini, Ofisa Kilimo aliyenipokea Bukoba alinikabidhi pakiti ya unga mweusi.

"Bibi shamba, umebeba nini?"

"Dawa ya mbegu, mzee."

"Umebeba mifugo. Humo mna bakteria hai. Ukiwapaka kwenye mbegu za maharage, wanaingia mizizini, wanajenga vinundu, wanavuta nitrojeni hewani na kuulisha mmea. Mmea nao unawapa sukari. Ukiwaacha juani umeua zizi zima."

Nikaitikia kwa mikogo. Nilikuwa na cheti, nani angeniambia kitu?

Nilitumwa Nshamba kwa Mama Koku, mjane aliyelima rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo maskini nje ya vibanja vya migomba. Misimu miwili maharage yalikuwa yamemgomea. Shemeji yake alishasema: yakikataa tena, anapanda humo misindano, miti ya mbao. Kabla ya kutoka mjini nilipita mtaa wa Bakoba kumsalimia shangazi, na shangazi wa Kihaya hakuachi uondoke hujala. Nilikula matoke nikashiba. Pakiti ilikuwa juu ya tangi la pikipiki, juani.

Wiki nne baada ya kupanda, majani yalikuwa ya njano. Nikang'oa shina. Kinundu kinachofanya kazi ukikipasua ni chekundu ndani. Mimi sikupata hata cha kupasua. Nikampigia Ofisa simu. Pakiti zilikuwa zimekwisha.

"Mwambie ni mvua," akasema.

Sikuweza. Nilimweleza Mama Koku yote, hadi matoke.

"Waitu, mwenzangu, wewe ule, halafu mimi ndiyo nishinde njaa?"

Nililia mbele yake, siwafichi. Alipoona hivyo akaingia kibanjani, akang'oa maharage yaliyoota chini ya migomba ili anionyeshe mizizi yake. Ilijaa vinundu. Nikapasua kimoja: chekundu.

"Mama, wako hapa. Tuwahamishe na udongo wao."

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Nyasi ndizo hutoka rweya kuja kibanjani. Udongo wa kibanja kwenda rweya, nani aliona? Na Baba Koku amelala humu."

Nilimwelewa: mumewe alizikwa humo. Aliangalia upande wa kaburi, kisha akaenda kuleta beseni.

Tulichimba mahali ambapo maharage hayajawahi kuoza mizizi, tusije tukahamisha na ugonjwa. Mvua zilikuwa bado nyingi, tukapanda upya siku ileile, samadi na kiganja cha udongo kila shimo. Maharage yalipotoa maua, majani yalikuwa ya kijani kibichi. Shemeji alikuja kuangalia, akarudi kwake na miche yake ya misindano.

Baadaye nilihamishiwa Muleba mjini, kisha Bukoba, chini ya wakuu wengi. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Kila pakiti ilisafiri kapuni, imefunikwa kitambaa kibichi, na shangazi alinilaumu miaka yote kwa kumpita bila kusimama.

Sasa nimestaafu, nina kishamba Nshambya, hapa Bukoba mjini, ambacho maharage yake yalikuwa yakinisumbua. Mwezi uliopita Mama Koku aliniletea beseni lililofunikwa majani ya migomba. Ndani ulikuwa udongo wa rweya yake.

"Nimekuletea mifugo," alisema. "Na nimekuja moja kwa moja, waitu. Sijala popote."