Vidonge Kwenye Sinia

Nilipomaliza kidato cha nne nilijiona nusu daktari. Kazi iliyonipata ilikuwa kuwagawia wajawazito vidonge katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Misima, miaka ile watu walipokuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kupangwa kwa mistari, nyumba zikitazamana kama askari wa gwaride. Wazee walilalamika kwamba hata kuku hawakujua tena pa kurudi jioni.

Madaktari wa utafiti walikuwa na makao yao Korogwe. Walitaka kujua jambo moja: mjamzito ambaye damu yake imepungua, akimeza kidonge cha madini ya chuma kila siku, damu itapanda kiasi gani kabla hajajifungua? Ili wapate cha kulinganisha, makopo yalikuwa ya aina mbili. Mengine yalikuwa na dawa, mengine yalikuwa na vidonge vitupu, rangi ileile, sukari ileile juu yake. Kila kopo lilikuwa na namba tu. Mimi sikujua lipi ni lipi, na daktari aliyekuja kijijini naye hakujua. Akina mama walielezwa hayo mkutanoni, nami nikayarudia kwa Kizigua pale Kiswahili kilipokwama, wakakubali. Ambaye damu yake ingeshuka mno angetolewa kwenye utafiti na kupelekwa hospitali mara moja. Kuwatazama kila wiki na kusema nani apelekwe ilikuwa kazi yangu.

Mke wangu alikuwa miongoni mwao. Nilimuoa huko Lutindi, milimani, nikamshusha kwenye joto na vumbi, mahali ambapo hakuwa na dada, shangazi wala mtu wa kusuka naye nywele. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nikitoka asubuhi na baiskeli yangu alibaki na nyumba mpya isiyo na mti uani, na nikirudi nilimkuta mlangoni, amekaa tu. Wanawake wa pale hawakumchukia. Walimtania kwenye foleni ya maji kwamba Wasambaa wanaogopa jua kama vyura, naye hakujua amjibu nani na vipi. Aliniambia, "Wanacheka vizuri, lakini mimi ndiye wa kuchekwa."

Basi siku moja nilimkuta anaimba. Alikuwa amefunga kanga yake mpya na kopo lake la vidonge liko mkononi.

"Wameniita," alisema. "Kwa mama balozi. Wote tunakwenda."

Mama balozi alikuwa kiongozi wa nyumba zetu kumi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani bila filimbi. Niliuliza wanaitwa kufanya nini. Mke wangu akanieleza kwa furaha, kama mtoto anayesimulia sherehe. Akina mama walikuwa wamegundua kwamba baadhi yao wanapata choo cheusi kama masizi na wengine hawapati. Mambo hayo waliyazungumza kisimani, bila haya. Wakakata shauri kwamba choo cheusi ndicho dawa. Na kwa kuwa mahindi ya shamba la kijiji yaligawiwa sawasawa, na sukari ya duka la ushirika ikigawiwa sawasawa hata ikiwa kijiko kimoja, wakaona ni aibu jirani kumeza dawa na jirani kumeza sukari. Kila walipopewa makopo walikuwa wakikusanyika kwa mama balozi, wanayamwaga yote kwenye sinia moja, wanachanganya kama maharage, kisha kila mmoja anajaza kopo lake upya.

Wiki baada ya wiki nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba, nakagua makopo na kuandika kwa mwandiko mzuri, kumbe naandika upepo.

Nilikwenda kwa mama balozi peke yangu. Alikuwa anachambua mboga ya mchunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu wa vidonge. Mbona uso kama umemeza vyote?"

Nikamwambia anaharibu utafiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatupa majani mabovu kwa mbuzi.

"Mwanangu, mbona hata redio inasema binadamu wote ni sawa? Au ni wanaume tu?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Na hii ni mimba. Kamwambie daktari wako aje mwenyewe, nitampikia bada la muhogo, tutaelewana."

Hapo nilikuwa na njia mbili za mtu mzima. Ningeweza kumweleza daktari, kijiji kiondolewe kwenye utafiti, na pengine akina mama wote wapewe dawa ya kweli. Au ningeweza kunyamaza na kumwacha mke wangu aende na wenzake. Nilichagua ya tatu, ambayo hata leo naona haya kuiandika. Nilinyamaza kwa daktari, maana niliogopa kazi itakwisha, na nilimkataza mke wangu.

"Wewe si kama wao," nilimwambia. "Wewe ni mke wa mtu wa utafiti. Angalau kopo moja katika kijiji hiki liwe safi."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie mumeo amekataa."

Hakubisha. Aliifungua ile kanga mpya, akaikunja, akairudisha sandukuni. Siku zilizofuata wanawake walipita mbele ya nyumba yetu wakiwa na makopo yao, wakasalimia, wakaendelea. Baadaye utani wa kwenye foleni ya maji ukakoma pia. Nilidhani ni heshima.

Alimeza kidonge chake mbele yangu kila asubuhi, na maji ya kikombe cha bati. Baada ya muda aliniambia, akitazama chini, kwamba choo chake ni kama zamani. Nilielewa alichokuwa ananiambia. Nilimjibu kwamba miili haifanani.

Daktari alikuja na gari lake, akatoboa vidole, akadondosha damu kwenye karatasi na kuilinganisha na kadi yenye rangi nyekundu kadhaa, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia. Damu ya akina mama wengi ilikuwa imepanda kidogo, karibu wote kwa kiasi kilekile. Alikuna kichwa. Kwa mke wangu alikawia.

"Huyu anameza?"

"Mbele yangu, daktari. Kila siku."

"Bado hajafika pa kumtoa, lakini yuko karibu. Mtazame kope kwa ndani. Zikiwa nyeupe, usimngoje mtu, mlete Korogwe."

Zikawa nyeupe. Sisemi zilikuwa nyeupe kidogo. Nilishusha kope yake kwa kidole gumba na ndani palikuwa kama ganda la yai. Alikuwa akipanda kutoka kisimani anasimama mara kwa mara na kushika kifua, na nilimfuma akila udongo wa kichuguu uani, akaficha mkono nyuma kama mwizi. Nilijiambia mwanga wa asubuhi unadanganya. Ukweli ni kwamba kumpeleka Korogwe kulikuwa na maana angebaki huko mpaka ajifungue, na mimi ningebaki peke yangu kwenye nyumba ile. Niliuogopa upweke wa miezi miwili nikamwachia yeye wake, ambao aliubeba pamoja na mimba.

Uchungu ulimjia kabla ya wakati, wakati wa mvua za masika. Trekta la kijiji lilimpeleka, mama balozi akiwa amempakata kichwa kwenye tela, mimi nashikilia turubai juu yao. Njia nzima yule mama hakunisemesha ila mara moja: "Inua huko kwako, maji yanamwingia." Hospitalini damu yangu haikumfaa. Kaka yake alishuka kutoka Lutindi akatoa yake. Mke wangu alipona. Mtoto, wa kiume, hakuliona jua la siku ya pili.

Kwenye veranda ya wodi nilimweleza daktari kila kitu, sinia na yote. Alivua miwani.

"Kwa hiyo katika kijiji kizima," alisema, "aliyefuata masharti yangu ni mmoja."

Hakunifokea. Aliagiza kijiji kitolewe kwenye hesabu zake na akina mama wote wapelekewe dawa ya kweli. Jambo ambalo lingefanyika kwa neno langu moja, miezi kadhaa nyuma.

Mke wangu alikwenda kwa mama yake kumaliza arobaini. Ilipokwisha nilipanda Lutindi kumchukua, nimevaa shati la pasi. Baridi ya huko ilikuwa imemrudishia uso wake. Mama yake aliitikia shikamoo yangu, akatuachia uwanja, tukakaa kwenye vigoda viwili, yeye akimenya viazi.

"Nimekuja," nilisema.

"Nimekuona."

"Nilikosea kuhusu vidonge."

Aliendelea kumenya. "Vidonge mimi sikuvijua. Hata ungeniambia vyetu vyote ni vitupu ningemeza. Lakini watu walikuwa wameniita. Mara ya kwanza, na ukanirudisha ndani."

Nilimuuliza kama atarudi. Alisema hapana, kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba basi la leo limeshapita. Talaka aliiomba baadaye kupitia kaka yake, nami nikaitoa bila ubishi, ndilo jambo moja nililomfanyia kwa wakati.

Siku ile kaka yake ndiye aliyenisindikiza. Tulishuka kati ya migomba mpaka njia panda, nikitazama mkono wake uliotoa damu na kushindwa kusema asante. Mawingu yalikuwa yamefunga bonde lote la chini.

"Tembea, shemeji," alisema. "Mvua itakukuta njiani."

Akageuka. Nilisimama pale nikimsikia anapanda, hatua zake na baadaye sauti yake akimwita mtu huko juu, na sauti ya dada yake ikamwitikia kwa Kisambaa, kwa haraka na kicheko, maneno ambayo sikuyaelewa. Sikuwahi kumsikia anacheka hivyo kwangu. Nikaanza kuteremka.