Kompyuta Yangu Ilivyomwita Mama Nekesa Mwanaume

Wakuu, habari za humu. Hii ilinipata mwenyewe Kakamega mjini, miaka ya tisini. Chumvi sijaongeza.

Nilikuwa nasoma kompyuta chuo kimoja upande wa Lurambi. Jirani yetu Mama Nekesa alikuwa na hoteli ya ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali. Aliweka sanduku la maoni, watu wanaandika bila jina.

Alikuwa na chumba cha nyuma. Alitaka kina mama wakitoka sokoni wapate pa kukaa kwa utulivu. Shemeji yake akakazana iwekwe meza ya pool, eti wateja ni wanaume tu.

Mama Nekesa akaniuliza: kompyuta inaweza kujua aliyeandika ni mwanamke au mwanaume?

Na kiherehere changu, nikasema inaweza.

Nikawaomba wanachuo wenzangu waandike maoni ya hoteli hiyo, na majina yao, ili programu ijifunze. Ikajifunza hivi: aliyetaja watoto au maji ya kunawa, mwanamke. Aliyelalamikia imondo, yaani firigisi, mwanaume bila mjadala. Kwetu Waluhya imondo ni ya mzee wa nyumba. Mwanamke anaipika, anamwekea, basi. Hakuna msichana hata mmoja aliyeitaja.

Nikaingiza maoni ya sandukuni. Wanaume karibu wote! Wanalilia imondo. Shemeji akataka kuagiza meza siku hiyo hiyo.

Mama Nekesa akachomoa kikaratasi kimoja. "Hebu ingiza hii tena."

Skrini ikaandika: MWANAUME.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo niliandika mimi! Kijana yangu, tangu niolewe napikanga imondo, na sijawahi onja. Hata hapa kwangu nikitaka kuionja, wapishi wananiangalia tu."

Niliona aibu, lakini zaidi nilishangaa. Wasichana wa chuo waliandika wakijua nitawasoma kwa majina. Wanawake walioandika sandukuni hakuna aliyewaona.

Chumba kikawekwa pazia, na firigisi kwa yeyote anayeitisha. Kina mama walijaa, na firigisi zilikuwa zinaisha kabla ya saa saba mchana. Meza ya pool haikuja.

Nilichojifunza: siku hizi mitandao inakisia jinsia yako kwa review ulizoandika. Mimi huuliza kwanza, waliotumiwa kuifundisha hiyo mashine waliandika wakiangaliwa na nani?

Likizo ilipofika nilimuuliza mama yangu kama amewahi kuonja imondo. Alitazama mlangoni kwanza.

Haya wakuu, kwenu anakula nani? Akina dada, semeni tu. Humu hakuna anayejua majina yenu.