Mpira Ulioishia Nyuma ya Meza

"Hiyo mashine inapumulia wapi?" Mzee Ekiru, mkuu wa maabara yetu, aliniuliza siku moja ninayoikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, mbishi wa kila kitu, lakini hilo sikuwa nimewahi kujiuliza.

Mwanangu unayeanza kazi ya maabara (niite dada ukipenda, sijazeeka hivyo), maabara ilikuwa chumba kimoja kando ya kichinjio hapa Isiolo, kaunti ikiwa bado changa. Tulipima gesi iliyotokana na damu na samadi, kabla haijapelekwa jikoni kwa watu. Mashine ya kromatografia, inayochambua gesi zilizochanganyika, hupima gesi kidogo tu; nyingine yote huitoa kwa mpira mwembamba ulio nyuma yake. Madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa sababu ya nzi na vumbi.

Siku hiyo tulipoiwasha, chumba kikanuka mayai yaliyooza. Nikaziba pua. Galgalo, fundi wetu, akacheka.

"Wewe wa chuo, hiyo pua umeitoa Nairobi? Hapa ni kichinjio, dadangu. Utazoea."

"Zunguka nje, tafuta huo mpira unatokea wapi," Mzee akaniambia, akanifuata. Ukuta mzima haukuwa na tundu; mpira ulikuwa unaishia humo ndani, nyuma ya meza. Tuliporudi mlangoni, Galgalo aliniita kutoka ndani: "Unaona? Harufu imeisha yenyewe."

Kisha akaanguka chini kama gunia.

Nilitaka kukimbilia ndani. Mzee akanishika bega. "Ukiingia, nitazika wawili!" Akafunga koki ya gesi iliyokuwa ukutani nje, akavunja dirisha kwa jiwe. Upepo ulipopita sana ndani, akabana pumzi, akamvuta Galgalo kwa mguu hadi nje. Midomo ilikuwa ya bluu. Nililiita jina lake, hakusikia. Nilidhani amekufa.

Mwishowe akakohoa, akatapika, akafungua macho. "Nani amevunja dirisha langu?"

Mwanangu, kabla ya kuwasha mashine, ufuate mpira wa kutolea gesi kwa mkono wako mpaka mwisho. Upite kwanza kwenye chupa ya dawa inayokamata sumu, kisha upande juu ya paa, mbali na mlango na dirisha. Weka kengele ya gesi, na ikilia, toka. Anayekucheka, mwache acheke. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima.

Baadaye sana nilijifunza kwamba gesi ile ikizidi, huua pua kwanza. Siku ile harufu haikuwa imeisha. Gesi ilikuwa imeongezeka.