Siku Nilipoita Chozi

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nimetoka Tanga, nabeba mizigo kwenye maghala ya Clairwood, kule Durban. Nilipanga chumba cha uani kwenye nyumba moja ya zamani, na chumba cha pili alipanga Mama Espérance, mjane wa Bukavu aliyekimbia vita.

Mama huyo alikuwa mwoga, na sisi vijana wa nyumba ile tulimcheka. Lori likipiga honi, anashika mlango. Mbwa wakinyamaza, anauliza kwa nini wamenyamaza. Alituambia kwamba porini, walipokuwa wakikimbia, walijifunza kusikiliza kila kitu, maana waliozembea kusikiliza hawakufika. Tuliitikia, "Pole, mama," kisha akigeuka tunakonyezana. Tulikuwa wapumbavu kweli.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichaka kikubwa cha maua mekundu, na chozi walikuja kunyonya utamu wake. Unawajua chozi, vile vindege vidogo vyenye mdomo uliopinda, ambavyo madume yake humetameta juani. Nilikuwa nimenunua kamera kuukuu pale sokoni Warwick, na nilitamani picha moja ya karibu nimpelekee mama yangu, aone kwamba huku ugenini pia kuna mazuri.

Jumapili hiyo walikuwa wengi kuliko kawaida, na wanapiga kelele. Nikafurahi, nikadhani wamejipanga kwa ajili yangu. Jicho moja liko kwenye kamera, jingine nimelifumba, nasogea huku nawabembeleza, "Chozi, njoo. Chozi wangu, chozi." Nikabonyeza, nikasogea tena, mpaka majani yakanigusa uso.

Sasa, kwa Mama Espérance chozi ni la machoni tu. Ndege yule kwao hawamwiti hivyo. Alinisikia kupitia dirisha, akadhani nimeletewa habari ya msiba kutoka nyumbani, akatoka na kitambaa mkononi aje kunifuta.

"Petit," aliniita kwa Kifaransa, yaani mdogo, "juu ya nini unalia?" Kisha sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Usitikisike. Iko nyoka. Iko karibu na uso yako."

Nikafumbua jicho la pili. Alikuwa wa kijani kama majani yenyewe, yule mwenye sumu kali ambaye Wazulu wanamwita imamba, na kutoka kichwani mwake hadi shavuni mwangu hapakufika urefu wa mkono. Nakwambia ukweli, niliogopa mpaka nikashindwa hata kurudi nyuma. Mama Espérance akaja mpaka mgongoni kwangu. Alikuwa anatetemeka, nasikia meno yake yakigongana, lakini alinishika mkanda wa suruali akanivuta polepole mpaka mlangoni.

Tulikaa sakafuni wote wawili. Hakunifokea.

"Zile ndege zilikuwa zinalia mubaya," akasema. "Zilikuwa na woga. Na weye uko unapiga picha tu."

Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kulia kweli, na kile kitambaa kikapata kazi.

Picha zilipotoka dukani, nyoka alikuwemo tangu ile ya kwanza. Sikumpelekea mama yangu hata moja.

Kwa hiyo, mwanangu, wafurahie ndege na upige picha zako, lakini uzuri usikufumbe macho. Ukisikia viumbe wadogo wanapiga kelele, simama uangalie kuna nini. Na ukimwona mtu anaogopa kitu ambacho wewe hukioni, usimcheke, muulize ameona nini. Yule mama aliogopa kuliko sisi sote, na bado alikuja. Mungu akulinde huko uendako, na popote utakapopanga chumba akujalie jirani wa kuogopa kwa niaba yako.