Gari Refu Juu ya Magogo Mafupi

Mume wangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: anapenda gari la aina moja tu. Ni lile dogo la milango miwili ambalo watu wa mtaani waliliita Kibiriti tangu zamani, na yeye wakamwita Fundi Kibiriti. Miaka ishirini na mitatu hajagusa gari lingine. Ukimletea lori atakuelekeza kwa jirani, tena kwa adabu zote. Mimi nauza vipuri chumba cha mbele, yeye yuko karakana nyuma, na kati yetu kuna dirisha ambapo hunipigia kelele nimpe plagi.

Sasa kampuni ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza Kibiriti. Jina litabaki, nembo itabaki pale pale puani, ila gari lenyewe ni jipya: milango mitano, limeinuliwa juu, magurudumu makubwa ya kupandia mawe. Mkunga, mteja wetu wa siku nyingi, alisema wamechelewa sana, maana kila msimu wa mvua tumbo la gari lake linakwaruzwa na mawe na uchungu wa wanawake haumsubiri. Mimi nikasema aliyejua kutengeneza kigari kidogo angebaki na kidogo, na mwenye kutaka kirefu akanunue kwa wanaojua virefu. Tulibishana mpaka soda zikapata moto. Mume wangu alikuwa anawaza jambo moja tu: Vibiriti vikiisha barabarani, karakana yetu itafungwa.

Kwa hiyo bwana wa kampuni alipopiga simu kwamba anatafuta karakana moja ya kulihudumia gari jipya, na kwamba Jumatano atakuja kumwona fundi akishusha giaboksi kwa saa mbili, mume wangu alipiga deki karakana mara tatu. Hajawahi kupiga deki tangu nimjue.

Gari lilitangulia kuletwa Jumanne, pamoja na maboksi ya vipuri na kijitabu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa herufi nene: Ukilijua dogo, umelijua na hili. Mume wangu alinisomea huku anatabasamu. Mimi nikaenda kupanga vipuri rafuni. Springi ya mbele ya Kibiriti huwa nainyanyua kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Hii niliikumbatia kwa mikono miwili, na kiuno kikanipa taarifa. Nikaenda dirishani nikamwambia gari hili ni zito, asiliamini. Akacheka. Akasema mimi niuze, yeye atengeneze, na nembo si ni ile ile?

Hapa lazima niseme habari ya magogo. Mafundi wengine huliinua gari kwa jeki, kisha huliweka juu ya stendi za chuma. Mume wangu ana magogo manne aliyoyakata kwa msumeno wake mwaka wa kwanza wa kazi, kwa kimo hasa cha Kibiriti, ili akilala kwenye mkeka wake viwiko vikae anavyotaka. Stendi za chuma anaziita magongo ya wagonjwa. Kichwa ngumu yule, nakwambia.

Jumatano yule bwana alikuja na dereva wake, saa mkononi. Nilisimama dirishani. Mume wangu alipiga jeki, akasukuma magogo chini ya gari, na hayakulifikia. Akasita. Nilimwona akimtazama yule bwana kwa pembe ya jicho. Angekuwa peke yake angeacha, namjua. Badala yake akaokota vipande vya mbao, akavipachika juu ya magogo, akashusha jeki, akajilaza mkekani na kuingia chini.

Nusu saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Kisha nikasikia mbao ikilia, kidogo tu. Yule bwana hakusikia, macho yake yalikuwa kwenye saa. Nikipiga kelele bure, nitakuwa nimemwaibisha mume wangu mbele ya kampuni, kazi itakwenda kwa mwingine, na kosa litakuwa langu mpaka nizikwe. Nikang'ata mdomo. Nikalitazama gogo la mbele kushoto. Lilikuwa na ufa ambao asubuhi haukuwepo.

"Baba Watoto, toka."

"Acha, mama, namalizia," akajibu kutoka chini.

"Toka sasa hivi!"

Yule bwana alitabasamu akaniomba niwaache wafanye kazi. Sikumjibu. Nilipita dirishani na sketi yangu hivyo hivyo, nikamkamata mume wangu vifundo vya miguu, nikamvuta na mkeka wake. Alitoka akinitukana, spana mkononi. Hajamaliza tusi, gogo likapasuka. Gari lilianguka kwa kishindo, na giaboksi ikatua pale kilipokuwa kifua chake.

Hasira zilinishika kuliko hofu. Nikachukua kile kijitabu, nikampa yule bwana.

"Soma ukurasa wa kwanza, baba."

Akasoma, taratibu. Kisha akavua saa yake akaitia mfukoni, akaondoka na dereva wake. Nikajua kazi tumeikosa. Nilingoja mume wangu anilaumu. Alikaa sakafuni, amepakata vipande vya gogo lake, mpaka tulipofunga.

Wiki mbili baadaye yule bwana alirudi. Alileta stendi nne za chuma, na kijitabu kipya chenye uzito wa gari kwenye ukurasa wa kwanza. Akamuuliza fundi kama bado anaitaka kazi. Mume wangu alijifuta mikono muda mrefu.

"Muulize huyu mama," akasema. "Yeye ndiye aliyeibeba springi yake, akajua uzito."

Nikasema ndiyo, ila magogo yaende jikoni. Na wa kwanza kutuletea gari refu alikuwa mkunga, akinicheka.

Bado nasema kidogo kingebaki kidogo. Lakini siku hizi mume wangu, kabla hajaingia chini ya gari lolote, anagonga dirisha. Haombi plagi. Anasimama pale, anangoja nitoke nikaangalie.